Rush au Be-go: nembo ina maana gani kama mmiliki ni mmoja?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Buswelu, Mwanza. Nimepata magari mawili ya kuchagua, yote ya mwaka 2008 na yote yametoka Japani: Toyota Rush na Daihatsu Be-go. Kwa macho ni pacha. Be-go ni nafuu kwa milioni mbili na nusu. Fundi wangu anasema ni gari moja, nichukue la bei nafuu. Shemeji yangu anasema Toyota ni Toyota, nikichukua Daihatsu nitajuta siku ya kuuza. Mwenzangu kazini naye ananiambia siku hizi hata Toyota nyingine si Toyota, ni Suzuki. Kama kampuni moja inamiliki nyingine na magari yanafanana hivi, jina la gari lina maana gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Fundi wako anasema kweli kuhusu gari, shemeji yako anasema kweli kuhusu soko, na huyo mwenzako wa kazini hajakosea. Ndiyo maana umechanganyikiwa: watu watatu wanakueleza mambo matatu tofauti na wote wanatumia neno moja, Toyota. Mimi ningechukua Be-go, ikiwa ukaguzi utaonyesha liko sawa na kama unanunua ili ukae nalo. Sababu zangu nitazitoa, lakini kwanza nikujibu lile swali la mwisho, kwa sababu ukilielewa hilo hutahitaji kuniuliza kuhusu gari lingine tena.

Rush na Be-go yalizinduliwa pamoja Japani mwanzoni mwa 2006. Yote mawili ni kazi ya Daihatsu, kuanzia mchoro hadi kiwandani. Injini ni ile ile 3SZ-VE ya lita 1.5, imelazwa kwa urefu wa gari, inasukuma magurudumu ya nyuma au yote manne, na yale ya magurudumu manne yana kitufe cha kufunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwa barabara zetu za mawe, kitufe hicho kina faida kuliko nembo yoyote. Tofauti ziko kwenye sho (wavu wa mbele), nembo na mapambo madogo. Nje ya Japani gari hilo hilo liliuzwa kama Daihatsu Terios, na bila shaka umeliona mjini.

Daihatsu si kampuni iliyozaliwa na Toyota. Ilianza Osaka mwaka 1907, miaka 30 kabla Toyota haijasajiliwa kama kampuni ya magari. Walianza kushirikiana 1967, Toyota ikafikisha zaidi ya nusu ya hisa mwaka 1998, na mwaka 2016 ikainunua yote. Kwa hiyo Rush lako la 2008 lilitengenezwa na kampuni ambayo Toyota tayari ilikuwa na kauli ya mwisho juu yake. Hali ni hiyo hiyo kwa Passo, ambalo ni pacha wa Daihatsu Boon tangu 2004. Injini yake ya silinda tatu, 1KR, ni ya Daihatsu pia. Imefungwa kwenye Vitz za lita moja, na Ulaya ikafungwa kwenye Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1, magari matatu yaliyotoka kiwanda kimoja cha Kolín, Jamhuri ya Czech, kuanzia 2005. Mtu wa Paris mwenye Peugeot 107 na mama wa Nyakato mwenye Passo wanabadilisha oili kwenye injini ya familia moja.

Kwa nini kampuni zinafanya hivi? Kwa sababu ya gharama. Sehemu ya gari iliyo ghali zaidi kubuni ni ile usiyoiona: sakafu, mahali injini inapokaa, mahali shokapu na usukani vinapofungwa, ukuta kati ya injini na miguu ya dereva, nyaya za umeme, na namna chuma kitakavyokunjika gari likigonga. Mkusanyiko huo watengenezaji wanauita platfomu. Kubuni mpya na kuipima hugharimu mamia ya mamilioni ya dola, na mara nyingi hupita bilioni. Ukiweza kujengea modeli tano juu yake badala ya moja, umeokoa fedha nyingi mno. Volkswagen walifanya hivyo mwaka 2012 kwa platfomu yao ya MQB: juu yake wakajenga Golf, Audi A3, Škoda Octavia na Seat Leon. Umbali kati ya ekseli ya mbele na pedali haubadiliki kati ya magari hayo. Vingine vingi vinabadilika: urefu, upana, springi, uzito wa usukani, viti, sauti ya mlango.

Hapo ndipo pa kuwa makini, kwa sababu watu husikia "platfomu moja" wakadhani ni "gari moja". Fundi wa mitumbwi pale Kirumba anaweza kuunda maboti mawili kwa kipimo kimoja na mbao za aina moja. Moja likabeba dagaa, jingine likavusha abiria, na mtu akipanda yote mawili asiseme yanafanana, kwa sababu injini, uzito na namna lilivyopangwa ndani ndivyo vinavyoamua litakavyokwenda majini. Octavia na Audi A3 wako hivyo. Rush na Be-go hawako hivyo. Hao ni boti moja lenye majina mawili ubavuni.

Kiasi cha hisa nacho hakikuambii kiasi cha gari kilichoshirikiwa, na hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui. Toyota ina takriban asilimia 20 ya Subaru, na takriban asilimia tano tu ya Suzuki, ilizonunua mwaka 2019. Ungetegemea Subaru ndiyo iwe Toyota zaidi. Ni kinyume. Lile Toyota Starlet jipya lililoanza kuuzwa Afrika Kusini 2020 ni Suzuki Baleno kamili, limeundwa na Suzuki huko India, injini ya Suzuki. Starlet la zamani tunalolikumbuka, ambalo Toyota waliacha kulitengeneza 1999, halina undugu nalo zaidi ya jina. Mwenzako wa kazini alikuwa na hoja. Nikupe na mfano ulio karibu zaidi na wafanyabiashara wa hapa Kanda ya Ziwa: Mazda Familia Van. Kwa miaka mingi gari hilo lilikuwa Nissan AD lenye nembo ya Mazda. Mwaka 2018 Mazda wakabadili, sasa ni Toyota Probox lenye nembo ya Mazda. Nissan hawakuwahi kuwa wenye Mazda. Ilikuwa ni mkataba wa kuuziana magari tu, kama mwenye duka anavyochukua mzigo kwa jumla.

Sasa, je, jina linakufa kwa kushiriki? Nimekuwa nikifikiria swali hili kwa muda mrefu kwa sababu maisha yangu ni kufungua boneti na kuwaambia watu wamenunua nini. Ninachoamini ni hiki: jina linabaki hai pale wahandisi wa kampuni wanapobaki na nguvu ya kusema hapana. Wakiinyang'anywa nguvu hiyo, jina linakuwa stika.

Tazama Subaru. Wamepita mikononi mwa Nissan tangu 1968, kisha General Motors mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha Toyota kuanzia 2005. Wenye hisa watatu, kila mmoja mkubwa kuliko Subaru yenyewe. Katika kipindi chote hicho injini ya silinda zilizolala, waliyoianza 1966 kwenye Subaru 1000, haikuondoka. Waliachia vingine. Mwaka 2012 waliacha kabisa kutengeneza vile vigari vidogo vya Kijapani, wakabaki kuchukua vya Daihatsu na kuvibandika nembo. Subaru Trezia ni Toyota Ractis, usidanganywe. Lakini walijua ni kipi hakiguswi. Toyota walipotaka gari dogo la michezo, likatoka Toyota 86 na Subaru BRZ mwaka 2012, na injini ni ya Subaru, kiwanda ni cha Subaru, Toyota wakachangia mfumo wa kunyunyizia mafuta. Mwenye hisa ndiye aliyefuata ladha ya anayemilikiwa. Vijana wa Mwanza wanaopenda Forester kwa mlio wake wanapenda kitu cha kweli, ambacho kilitetewa na watu.

Saab ya Uswidi ilikwenda njia nyingine. General Motors walichukua nusu yake kufikia 1990 na nyingine yote mwaka 2000. Wateja wa Saab walikuwa watu wanaotaka gari lisilofanana na la jirani. Kwa modeli za mwaka 2005 wakauziwa Marekani Saab 9-2X, ambalo ni Subaru Impreza iliyobadilishwa pua, na Saab 9-7X, ambalo ni Chevrolet TrailBlazer. Saab ilifilisika Desemba 2011. Sitasema kushiriki peke yake ndiko kulikoiua. Ilikuwa inauza magari machache na kupata hasara kwa miaka. Lakini kampuni ndogo inayoishi kwa kuwa tofauti, ukiifuta tofauti yake, umebakiza deni peke yake.

Mercedes-Benz, pamoja na ukubwa wao, nao walionja hili. Mwaka 2017 walitoa pikapu, X-Class, juu ya fremu ya Nissan Navara, katika kiwanda cha Nissan cha Barcelona. Waliipanua, wakabadili ndani, baadaye wakaiwekea injini yao ya V6. Ilikuwa pikapu nzuri. Tatizo ni kwamba iliombewa bei ya Mercedes na mteja akaona swichi na milango anayoijua kwenye Navara. Kufikia 2020 uzalishaji ulisimamishwa. Mteja wa pikapu ni mtu wa kazi, anajua bei ya chuma.

Kisa ninachokipenda zaidi kuwasimulia wateja ni cha Oldsmobile, kwa sababu kilianzia kwenye spea. General Motors tangu miaka ya 1920 walikuwa wamepanga majina yao kama ngazi: Chevrolet chini kwa mwenye fedha kidogo, Oldsmobile na Buick katikati, Cadillac juu. Mtu akipandishwa cheo, anapanda gari. Oldsmobile walijivunia injini zao wenyewe za V8, walizoziita Rocket tangu 1949, na watu walilipa zaidi kwa sababu yake. Mwaka 1977 magari ya Oldsmobile yaliuzika kupita uwezo wa kiwanda cha injini. Kampuni ikachukua injini za Chevrolet zenye ukubwa unaolingana, ikazifunga, na haikumwambia mtu. Mteja mmoja wa Chicago alipeleka gari lake gereji, spea ya kawaida ya Oldsmobile ikakataa kuingia. Wakatazama vizuri: injini ni ya Chevrolet. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Illinois akafungua kesi, majimbo mengine yakafuata, na General Motors wakalazimika kuwafidia wateja. Kuanzia hapo matangazo yao yakaanza kubeba maandishi madogo yanayosema injini hutoka katika viwanda mbalimbali vya kampuni. Jina Oldsmobile lenyewe lilifungwa 2004.

Injini ya Chevrolet haikuwa mbovu. Pengine ilikuwa nzuri sawasawa. Lakini yule mteja alilipia kitu akapewa kingine, na nadhani alikuwa na haki kukasirika. Nafasi yako wewe ni bora kuliko yake, kwa sababu unajua kabla ya kulipa.

Kuna upande wa kubadilika kwa wamiliki ambao sisi mafundi wa kanda hii tunauona zaidi ya wengine, nao ni Range Rover. Land Rover ilikuwa chini ya BMW tangu 1994, Ford wakainunua 2000, Tata ya India wakaichukua 2008 pamoja na Jaguar. Range Rover lililotoka mwishoni mwa 2001 lilibuniwa wakati BMW ndiye mwenye mali, kwa hiyo la petroli la mwanzo lina V8 ya BMW. Kuanzia modeli ya 2006, bodi ile ile ina V8 ya Jaguar. Kwa mteja anayepita barabarani kuelekea lango la Ndabaka, Serengeti, ni gari moja: refu, tulivu, linapanda popote. Kwa fundi ni magari mawili, na ukiagiza plagi au pampu ya maji bila kusema mwaka umepoteza fedha na wiki mbili. Na bado nikiwa nyuma ya usukani siwezi kusema ni magari mawili, maana wahandisi wa Land Rover ndio walewale waliobaki wakiamua springi ziweje na kanyagio la mafuta lijibu kwa upole kiasi gani. Wenye hisa walipita, ladha ikabaki.

Kuna jambo moja zito kuhusu Daihatsu ambalo sitaki ulisikie kwa mtu mwingine baada ya kununua. Mwaka 2023 ilibainika kuwa Daihatsu walikuwa wakichezea vipimo vya usalama na vibali. Ripoti ya Desemba mwaka huo ilitaja modeli 64, zikiwemo nyingi zilizouzwa kwa nembo ya Toyota, na nyingine kwa nembo za Mazda na Subaru. Viwanda vyao vyote Japani vilisimama kwa wiki kadhaa, na Machi 2024 Toyota wakampeleka mtu wao kuwa rais wa Daihatsu. Nina maoni makali hapa. Kampuni ikiweka nembo yake juu ya kazi ya mwingine, imetoa ahadi kwa jina lake, na inapaswa kwenda kusimama kiwandani kuona inavyotimizwa. Toyota hawakufanya hivyo vya kutosha. Kwa uamuzi wako hata hivyo, jambo hili halitofautishi Rush na Be-go hata kidogo. Ukiliogopa moja, liogope na la pili.

Turudi Buswelu. Spea za Rush zitaingia kwenye Be-go: bushi, shokapu, bomba la rejeta, sensa, breki. Ukienda dukani usiseme Be-go, muuzaji atakuambia hana. Sema ya Rush la J200 (ndiyo namba ya modeli), lita 1.5. Ukitazama namba ya spea za Rush na Passo utaona nyingi nusu yake ya pili inaanza na herufi B; ndiyo alama kwamba asili yake ni Daihatsu, hata boksi likiwa la Toyota. Kitu pekee cha kuangalia ni vya mbele, sho na nembo, endapo utagonga.

Kuhusu kuuza, shemeji yako hajakosea. Soko letu linalipia neno Toyota, na Be-go litakuchukua muda mrefu zaidi kupata mnunuzi. Lakini punguzo utakalompa mnunuzi wako kesho ndilo unalopewa wewe leo. Ukikaa na gari miaka sita au saba, hiyo milioni mbili na nusu inakuwa imefanya kazi: matairi manne mapya, shokapu, bushi za mbele, oili ya giaboksi na ya difu, na bado inabaki. Kama unajua utauza baada ya mwaka mmoja kwa sababu ya uhamisho, chukua Rush, usibishane naye.

Kabla hujatoa hata senti, piga magoti uangalie namba ya chesisi. Rush huanza na J200E au J210E, Be-go J200G au J210G. Yale ya 210 ndiyo ya magurudumu manne. Nakusisitizia hili kwa sababu kubadilisha nembo ni kazi ya dakika chache, na Be-go lenye nembo ya Toyota mlangoni linaweza kuuzwa kwa bei ya Rush. Linganisha namba hiyo na kadi ya gari na nyaraka za TRA zilizotumika kulipia ushuru, kwa kuwa kikokotoo chao hutoza kwa chapa na modeli, na gari lililoandikwa Daihatsu kwenye mfumo litabaki Daihatsu siku ya kubadilisha umiliki na siku ya bima.

Kisha liwashe asubuhi likiwa limepoa, usikubali ulikute limeshawashwa. Sikiliza mnyororo wa injini sekunde za mwanzo. Mlio wa kugongagonga unaoisha taratibu unaashiria oili iliyocheleweshwa kubadilishwa. Kama ni la magurudumu manne, lipandishe mlima wa changarawe, bonyeza kitufe cha difu ya kati, uone taa inawaka na gari linashika. Mwambie fundi wako alale chini aangalie kama oili inavuja kwenye difu ya nyuma na kutu kwenye sakafu, kwa kuwa magari ya mikoa ya Japani yenye theluji huoshwa na chumvi ya barabarani. Kati ya hayo mawili, litakalokuwa na sakafu safi na injini tulivu ndilo lako, na kama likitokea kuwa Rush, ongeza hiyo milioni mbili na nusu bila kusita.